Tanga Mbili Katika Delta ya Rufiji

Zama za majahazi, kaskazi ilipoanza kulegea na kusi ikawa bado haijashika, majira ambayo mabaharia huyaita tanga mbili, vyombo vya Arabuni vilivyokuja Rufiji kupakia boriti za mikoko havikuwa na nafasi ya kukawia. Masika nayo yalikuwa yamekwisha kuingia na mto, uliokwisha kushiba maji ya bara, ulikuwa ukifurikia mabonde ya mpunga. Wakulima waliulinda mpunga huo kutoka juu ya madungu. Na maji yakishuka walipanda mazao ya mlao katika tope lenye rutuba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali iliwahamishia wakulima hao miinukoni, mbali na mafuriko. Hata hivyo, wengi waliendelea kushuka mabondeni kulima.