Kuku wageni katika kundi lenye majogoo: namna ya kuwapokea bila hasara

Katika malupango mengi ya Lubumbashi, toka Katuba na Kenya mpaka Ruashi na Annexe, kuku kumi wanaozunguka uwanjani ni akiba ya nyumba. Mama huuza jogoo mmoja ili mtoto apate madaftari, huuza mitetea miwili mgonjwa anapohitaji dawa, na mgeni akifika usiku kuna kitu cha kuweka juu ya bukari. Kwa hiyo kundi likiisha katika juma moja, ni mlango wa shule unaofungwa.

Mara nyingi hasara hiyo huanza kwa nia njema. Mtu anataka kuongeza kundi, ananunua mitetea mitatu sokoni, anaifungua kamba miguuni na kuiachia kati ya kuku wake siku ileile. Baada ya siku chache, ama wageni wamejeruhiwa, ama ugonjwa umeingia na wote wanakufa, wageni na wenyeji. Mambo haya mawili, vita na ugonjwa, yana njia yake ya kuzuiwa. Tuyaone kwa utaratibu.

Kwa nini kuku hupigana

Kuku wanaoishi pamoja hujuana mmoja mmoja. Kila mmoja anajua nani anamdonoa na nani hathubutu kumdonoa. Mtaalamu wa Norvege, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyeeleza utaratibu huo kwa maandishi mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya kuwatazama kuku tangu utoto wake. Utaratibu ukishatulia, kundi huwa na amani: wa chini humpisha wa juu kwenye chakula, na hakuna haja ya kupigana kila siku.

Mtetea mgeni hana nafasi katika utaratibu huo. Akiingia, kila mwenyeji atataka kumwonyesha kwamba yuko chini yake. Kudonoana kidogo ni jambo la kawaida, wala halizuiliki. Kazi ya mfugaji ni kufanya mapambano hayo yawe mafupi na yasitoe damu.

Kabla ya kununua

Jiulize kwanza kama nafasi inatosha. Kwa kuku wa kienyeji wanaolala ndani na kutembea mchana, usizidishe kuku wanne au watano kwa meta moja ya mraba ya banda. Kila mmoja anahitaji sentimeta 20 hivi za mti wa kulalia. Kiota kimoja kinatosha mitetea minne au mitano. Banda likiwa limekwisha kujaa, hakuna ujuzi wa kupatanisha utakaosaidia.

Usinunue mtetea mmoja peke yake. Mgeni mmoja hubeba mashambulizi yote ya kundi. Wageni watatu waliozoeana huyagawana na hukaa pamoja. Wachague wenye ukubwa unaokaribiana na wa kwako. Ukichukua kuku wa mayai wa kisasa ambao mashamba huwauza wakimaliza mwaka wao wa kutaga, tazama midomo yao. Wengi walikatwa ncha ya mdomo walipokuwa vifaranga, na hawawezi kujitetea vizuri mbele ya kuku wa kienyeji wenye midomo mikali.

Sokoni, mtazame kuku kabla ya kuuliza bei. Macho yawe maangavu na makavu, pua isitoe maji, upanga wa kichwani uwe na rangi nzuri, manyoya ya nyuma yasiwe na mavi. Msikilize akipumua. Fungua manyoya chini ya mabawa na karibu na mkia utafute chawa na utitiri. Lakini kumbuka: kuku anayeonekana mzima leo anaweza kuwa amekwisha kubeba ugonjwa. Kuku wa vijijini, wa Kipushi, na wanaopita Kasumbalesa wote wanaweza kukutana katika vikapu vya soko moja.

Watengwe siku 21 au zaidi

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayookoa kundi. Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni Newcastle, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita kideri au mdondo. Dalili zake zinaweza kuonekana baada ya siku 2 mpaka 15 tangu kuku aambukizwe: kuhara kijani, kupumua kwa shida, mabawa kulegea, shingo kupinda, kufa ghafla. Hauna dawa ya kuuponya. Una chanjo tu, na chanjo haimsaidii kuku aliyekwisha kuambukizwa.

Weka wageni mahali pa peke yao, mbali na banda kadiri uwanja unavyoruhusu, kwa siku 21 au hata mwezi mmoja. Lupango likiwa dogo, omba ndugu asiyefuga kuku akupe pembe ya uwanja wake. Wawe na bakuli lao la chakula na beseni lao la maji. Walishe wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha unawe mikono na usafishe viatu, maana ugonjwa husafiri hata katika mavi yaliyoshika kwenye kandambili.

Katika siku hizo fanya mambo matatu. La kwanza, ondoa chawa na utitiri: shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu huwasaidia kuku kujisafisha, na wadudu wakiwa wengi tafuta dawa ya unga kwa mtaalamu. La pili, wape dawa ya minyoo kwa kipimo cha daktari wa mifugo. La tatu, wachanje wageni, na uhakikishe wenyeji nao wana chanjo. Kinga huhitaji kama majuma mawili ili iwe na nguvu, kwa hiyo usingoje siku ya kuwaunganisha.

Kuhusu chanjo ya kunywesha, mawili huharibu kazi hapa mjini. Chanjo inataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, na umeme hukatika. Kwa hiyo ichukue siku utakayoitumia, ibebe pamoja na barafu, usiiweke akiba. Tena maji ya bomba yana dawa ya klorini inayoua chanjo. Tumia maji safi ya kisima yasiyotiwa dawa. Wanyime kuku maji kwa muda mfupi kwanza, ili wanywe yote katika saa mbili hivi. Chanjo ya tone la jicho huepusha sehemu ya shida hizo. Lubumbashi tuna Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika chuo kikuu, na madaktari waliosomea hapo wanafanya kazi mjini. Si vigumu kumpata wa kuuliza. Vyama vya akina mama kanisani vinaweza kuchangia chupa moja, maana mara nyingi chupa hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja.

Waonane bila kugusana

Siku za kutengwa zikiisha na wote wakiwa wazima, wasogeze karibu, lakini weka waya wa kuku au fito kati yao kwa siku 7 hivi. Watazoea sura, sauti na nafasi. Weka vyakula pande mbili za waya ili wale wakiwa karibu. Siku za kwanza watatishiana. Wakianza kula bila kujaliana, wakati umefika.

Siku ya kuwaunganisha

Watu wengi huwaingiza usiku, wakiwaweka kwenye mti wa kulalia giza likiwa limeingia. Inasaidia, kwa sababu kuku haoni vizuri gizani na hatapigana. Lakini usidhani usiku umemaliza kazi: alfajiri watatambuana. Uwe pale jua linapochomoza, ufungue banda mapema ili asiyetaka vita apate pa kukimbilia.

Badilisha kidogo mpango wa uwanja: sogeza viota, weka matawi, masanduku au ubao ulioegemezwa ukutani ili mgeni aweze kujificha. Usiweke kitu chenye njia moja tu ya kutokea, atanaswa humo. Ongeza sehemu za chakula na maji, ziwe mbili au tatu zilizo mbali, la sivyo wenyeji watazilinda na wageni watakaa na njaa bila wewe kujua. Kitu cha kuwashughulisha, kama fungu la lengalenga lililotundikwa au konzi ya mchwa iliyomwagwa mbalimbali, hupunguza ugomvi wa asubuhi ya kwanza.

Na majogoo?

Jogoo mkubwa kwa kawaida hawakatai mitetea wageni. Atawazunguka akishusha bawa, na wapo majogoo wanaoingilia kati mitetea inapopigana. Shida yake ni nyingine: huwapanda wageni mara nyingi mno, wakati bado wana hofu na hawajui pa kukimbilia. Manyoya ya mgongoni hutoka na makucha huchana ngozi.

Hesabu ni jambo la kwanza. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane mpaka kumi. Ukiwa na majogoo watatu kwa mitetea sita, uza wawili kabla ya kuleta wageni. Majogoo wawili waliokuwa wametulia wanaweza kuanza vita upya mitetea mipya ikiingia. Punguza ncha ya miiba ya miguu yake kwa tupa, bila kufikia sehemu inayotoa damu. Akizidi, mtenge siku tatu au nne, mitetea ipatane kwanza yenyewe.

Usilete jogoo mgeni mkubwa siku moja na mitetea. Vita vya majogoo vinaweza kuishia kwa kifo. Na ukitaka vifaranga vya jogoo wako, ngoja majuma matatu kabla ya kuatamisha mayai ya wageni, kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo wa zamani kwa majuma mawili au hata matatu.

Nini ni kawaida, nini ni hatari

Kudonoana kichwani, kufukuzana, na mayai kupungua kwa juma moja au mawili ni kawaida. Ingilia kati ukiona mmoja ameangushwa na wengine wanaendelea kumdonoa, au mgeni hashuki kula siku nzima, au damu. Damu haina kungoja: rangi nyekundu huwavuta kuku wote. Mtoe aliyejeruhiwa, msafishe, mpake dawa ya zambarau ya vidonda, arudi akipona. Ikiwa mwenyeji mmoja ndiye mkorofi, mtenge huyo siku chache badala ya mgeni. Akirudi, nafasi yake itakuwa imeshuka kidogo.

Kuku wa zawadi

Kwetu kuku wengi hawatoki sokoni. Huletwa siku ya sadaka ya mavuno, huja na mkwe, hukabidhiwa mchungaji mwisho wa ziara. Kuku wa heshima hakataliwi. Lakini upendo wa aliyemtoa hauzuii ugonjwa, na kuku huyo naye hukaa siku zake 21. Anayetoa hatakasirika akielezwa. Vilevile mahali ambapo chama cha kanisa hugawa kuku kwa zamu, toka nyumba moja kwenda nyingine, kundi moja lisilochanjwa linaweza kuambukiza wanachama wote. Heri chanjo iwe sharti la kupokea.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi wapokeane, na hakuficha kwamba walikuwa na tofauti za kweli mezani. Kumpokea mgeni kunataka nafasi, muda na uangalizi. Kwa kuku ni majuma manne hivi kwa jumla, na kuku wanaopona ni wale ambao pesa ya masomo ya watoto wetu inawategemea.