Jino la Kung'olewa: Historia ya Tiba ya Meno Gusii

Jino likidondoka kwenye karai la chuma hutoa mlio mdogo, kama punje ya mahindi makavu iliyotupwa katika sufuria tupu. Niliusikia mlio huo mara nne kabla ya zamu yangu kufika. Ulikuwa mwaka 1992, nilikuwa na miaka minane, na tulikuwa tumeketi kwenye benchi la mbao katika hospitali moja ya umma huku Nyamira, mimi na mama, pamoja na watu wazima waliojifunga leso kuanzia kidevuni hadi utosini. Mama alikuwa amekwisha kulipa dirishani na kupewa kijikaratasi. Tulipoingia, mhudumu hakuwa na maneno mengi. "Ni lipi?" Mama akalionyesha kwa kidole. Sindano ya ganzi, kungoja kidogo, kisha koleo.

Hakuna aliyetaja kuziba. Mama hakuuliza kwa sababu hakujua kwamba kuna la kuuliza. Miaka mingi baadaye daktari wa meno alinichungulia kinywani, akanieleza kwamba pengo lile lilikuwa la gego la kwanza la ukubwani, lile linalochomoza nyuma ya meno ya utoto mtoto anapokaribia miaka sita. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, kwamba likitoka litaota jingine. Halioti jingine.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza imekuwaje kwamba kwetu Gusii, kizazi baada ya kizazi, daktari wa meno amejulikana kama mtu wa kung'oa. Nimesikia wengi wakisema ni ujinga wetu, kwamba watu wa kijijini hungoja mpaka shavu lifure ndipo waende hospitali. Siyakubali maneno hayo. Kila nilipofuatilia chanzo nilijikuta kwenye sheria, kodi, bei ya mazao na bajeti za serikali.

Kwanza, ujuzi haukukosekana. Abagusii walikuwa na ababari, mafundi wa kupasua kichwa, ambao sifa zao zimefika mbali kuliko wengi wetu tunavyojua. Mtu aliyepigwa rungu au kuanguka, akabaki na maumivu ya kichwa yasiyoisha, alipelekwa kwa omobari. Fundi huyo alipasua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa taratibu, tabaka kwa tabaka, akijua pa kusimama kabla hajaugusa ubongo. Wagonjwa wengi walipona, na wengine walirudi kupasuliwa tena. Katika miaka ya 1950 Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliichunguza kazi yao na baadaye akaiandika. Mwaka 1985 madaktari wa upasuaji walikuwa bado wanachapisha makala kuihusu katika jarida la kitaalamu. Watu wenye mikono ya namna hiyo wangeshindwa na jino? Na ukivuka mpaka kuelekea ziwani, majirani zetu Waluo walikuwa na desturi ya kung'oa meno sita ya chini kama alama ya ukubwa, ilhali sisi alama yetu ilikuwa tohara. Ukanda huu ulikuwa na watu waliojua mfupa, jino na damu.

Tiba ya kisasa ilipokuja, ilikuja nyuma ya bunduki. Waingereza waliweka kituo chao Getembe mwaka 1907, mahali ambapo wenyeji walianza kupaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Januari 1908 Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, alimchoma mkuki mtawala wa wilaya, Northcote, ambaye watu walimwita Nyarigoti. Moraa, nabii wa kike, ndiye anayekumbukwa kwa kuwahimiza vijana wapigane. Northcote alipona, akaendelea na kazi yake mpaka akawa gavana wa Hong Kong. Gusii ililipa kwa nyumba kuchomwa na ng'ombe kutwaliwa. Mpaka leo wazee wanadai kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa kikapelekwa Uingereza, nao wanataka kirudishwe. Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliingia kutoka kusini, wakapigana na Waingereza Kisii kwenyewe. Hospitali kubwa ya Kisii, ambayo leo ni ya mafunzo na rufaa, huanza historia yake mwaka 1916, ilipofunguliwa kuwatibu askari wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani.

Kati ya mkuki wa Otenyo na hospitali hiyo, kulitokea jambo lisilosimuliwa katika nyimbo wala katika baraza la wazee. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili madaktari na madaktari wa meno. Sheria hiyo iliwaachia wenyeji waendelee na waganga wanaotambuliwa na jamii zao. Ukiisoma haraka unaona heshima. Mimi naona mlango uliofungwa kwa adabu: daktari wa meno aliyesajiliwa alikuwa wa Mzungu na wa mwenye fedha mjini, na Mgusii mwenye jino linalouma hakuwa deni la mtu yeyote.

Mabaraza ya Wenyeji yalipoundwa katikati ya miaka ya 1920, kodi ya watu wetu ilianza kujenga zahanati ndogo ndogo. Aliyekaa humo alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda, kugawa kwinini na, jino likizidi, kushika koleo. Wamishenari nao walikuwa wameingia, Waadventista kutoka Gendia wakafungua Nyanchwa, Wakatoliki wakafungua Nyabururu, na Waadventista wakahubiri usafi na kupinga tumbaku na pombe. Hapakuwa na kiti cha meno wala mashine. Kung'oa kulitosha kwa sababu lengo lilikuwa kumrudisha mtu shambani au kwenye kazi ya Mzungu siku ya pili.

Wakati huohuo chakula kilikuwa kinabadilika, na hapa ndipo pananigusa zaidi, kwa kuwa nimekulia kwenye majani chai. Magokoro, nyanya yangu mzaa baba, alikulia obokima, yaani ugali, wa wimbi, mboga ya chinsaga, ndizi na maziwa. Miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa ambako Mwafrika aliruhusiwa kulima kahawa. Ikafuata pareto, na kuanzia miaka ya 1950 chai ikapanda vilima vya Nyamira. Shilingi ikaingia nyumbani, na kitu cha kwanza ilichonunua, baada ya kodi na karo, kilikuwa sukari. Kiwanda cha Miwani kilikuwa kinasaga miwa tangu 1922. Baada ya uhuru serikali ikajenga vingine Muhoroni, Chemelil, Mumias mwaka 1973 na Awendo mwaka 1979, na wakulima wa Mugirango Kusini wakaanza kupeleka miwa Awendo. Mji wa Kisii ukapata kiwanda chake cha kujaza soda. Kumpa mgeni chai isiyo na sukari kukawa sawa na kumfukuza.

Kinachotokea kinywani ni rahisi kueleza. Vijidudu vilivyoganda kwenye meno hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hulainisha ganda gumu la jino. Mate huliponya ganda hilo yakipata nafasi ya kupumzika. Anayekunywa kikombe kimoja cha chai tamu asubuhi huyapa mate nafasi hiyo. Anayekunywa asubuhi, saa nne, mchana, kisha jioni kwa jirani, hayapi. Serikali iliyojenga viwanda hivyo vya sukari haikuweka madaktari wa meno kuvifuata.

Mafunzo yenyewe yalichelewa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka kazi hiyo alisafiri ng'ambo. Mwaka 1978 sheria mpya ikaunda Bodi ya Madaktari na Madaktari wa Meno, na Chama cha Madaktari wa Meno kikazaliwa mwaka huohuo. Marekani ilikuwa imefungua chuo chake cha kwanza cha meno huko Baltimore mwaka 1840. Wale wachache waliohitimu kwetu walibaki mijini, na hilo halishangazi: daktari aliyefunzwa kutumia mashine hawezi kazi pasipo umeme. Ndiyo sababu chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, KMTC, kikaanza kuwafunza maafisa wa afya ya meno ya jamii, ambao kwa miaka mingi ndio waliobeba vituo vya mashambani. Nawaheshimu sana watu hao. Lakini walipewa sindano, koleo na foleni ndefu, kisha nchi ikawalaumu kwa kung'oa.

Kuna mwaka mmoja ambao lazima nikae nao kidogo. Tangu 1965 mgonjwa asiyelazwa alitibiwa bure katika hospitali za serikali Kenya. Ilikuwa ahadi ya uhuru. Desemba 1989, mwaka uleule Nyamira ilipotengwa na Kisii kuwa wilaya, ahadi hiyo ilivunjwa. Wakopeshaji wa kimataifa walikuwa wamesukuma uchangiaji wa gharama, na mgonjwa akatakiwa kutoa shilingi 20 dirishani kabla ya kuonwa. Watu wakaacha kuja, serikali ikasitisha ada mwaka 1990, kisha ikairudisha 1992. Kijikaratasi cha mama kilikuwa cha mwaka huo.

Anayedhani jino haliwezi kuitikisa serikali aangalie Uingereza. Mwaka 1948 waziri wa afya, Aneurin Bevan, alianzisha huduma ya afya ya taifa ambamo kila mtu alitibiwa bure, meno ya bandia yakiwemo. Watu waliokaa miaka mingi na mapengo walijaa kwa madaktari. Aprili 1951, serikali ilipohitaji fedha za silaha kwa ajili ya vita vya Korea, iliamua kuwatoza watu sehemu ya bei ya meno ya bandia na miwani. Bevan alijiuzulu uwaziri, na Harold Wilson, aliyekuja kuwa waziri mkuu, akatoka naye. Mawaziri wawili kwa ajili ya meno! Kwetu ada ya 1989 haikuondoa waziri hata mmoja. Iliondoa magego ya watoto.

Ada iliathiri meno kwa namna ya pekee. Kung'oa unalipa mara moja na maumivu yanaisha. Kuziba kunataka uende mapema, kabla jino halijauma, na hakuna mama mwenye akili timamu atakayetoa nauli ya kutoka Magombo au Nyamache kwa ajili ya jino lisilouma, huku mtoto mwingine ana malaria. Kila ada na kila nauli humchelewesha mgonjwa mpaka kuziba kunapitwa na wakati. Mtu akisema watu wetu hupenda kung'oa, naomba apige hesabu hiyo kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia nyingine ilipatikana jirani. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu. Sehemu laini iliyooza inachokolewa kwa kijiko kidogo chenye makali, tundu linajazwa saruji maalumu inayoshikana na jino, na mara nyingi hata sindano haihitajiki. Hakuna mashine, hakuna umeme. Mgonjwa anaweza kulazwa juu ya meza ya darasani. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo Aprili 1994, katika Siku ya Afya Duniani iliyohusu kinywa. Ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya watu kama sisi, kwenye nchi kama yetu. Wakati mimi nakaa kwenye lile benchi, ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa miaka kadhaa.

Mwaka 2013 afya ilihamia kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na Kisii na Nyamira zikapata mamlaka ya kuajiri na kununua vifaa. Mambo yamesogea, ingawa kwa kukwama. Chama cha wafanyakazi cha madaktari, KMPDU, ambacho jina lake linawataja madaktari wa meno, kiligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na viongozi wake wakafungwa jela kwa muda. Kabla ya hapo, uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa watu wazima 98 katika kila 100 waliopimwa. Idadi kama hiyo haielezwi kwa uzembe wa mtu mmoja mmoja.

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu wa miaka saba katika kituo kimoja cha afya upande wa Borabu. Umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi na mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa. Nilijua kitakachofuata, nikaanza kumwandaa mtoto. Afisa, dada mmoja mdogo kiumri, akamlaza karibu na dirisha, akaelekeza kioo kwenye mwanga wa jua, akalitazama gego kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Hili ni la ukubwani, baba. Tuliokoe?"

Nilishindwa kujibu mara moja. Yeye alikuwa amekwisha kushika kile kijiko kidogo. Alichokoa polepole, akapangusa kwa pamba, akachokoa tena, akichungulia kila mara, jinsi ninavyodhani omobari alivyokuwa akichungulia mfupa. Akakoroga unga na maji yake juu ya kipande cha karatasi, akajaza, akabonyeza kwa kidole. Mtoto hakulia. Alipewa karatasi nyembamba ya buluu aiweke katikati ya meno.

"Uma," dada akamwambia. "Haya, uma tena."