Sado ya mkaa ni uniti ngapi?

Ndugu msikilizaji, hapa Arusha mkaa tunaununua kwa sado au kwa gunia la lumbesa, gesi kwa kilo, na umeme kwa uniti za LUKU. Vyote vitatu vinaishia chini ya sufuria ileile. Mama wa Ngarenaro akiuliza kipi nafuu, nani atamjibu?

Ugumu huo wa vipimo si wa leo. Hadi miaka ya 1840, wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kuwa joto ni umajimaji usioonekana, unaotoka kwenye kitu cha moto kwenda cha baridi. Kazi ya farasi au mashine ilipimwa kivyake, joto kivyake. Miongoni mwa walioziunganisha ni Mwingereza James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester. Alining'iniza vyuma vizito kwenye kamba. Vilipokuwa vikishuka vilizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, naye akapima joto lililoongezeka. Alirudia jaribio hilo kwa miaka. Mwaka 1850 akachapisha jibu ambalo kwa vipimo vyetu ni hili: kilo moja ikishuka kiasi cha mita 424, kazi yake inapasha kilo moja ya maji nyuzi moja ya Selsiasi.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Kutoka kilele cha Meru, mita 4,566, hadi mjini ni zaidi ya mita 3,000. Maji yakiporomoka mwendo wote huo, na kazi yote ikageuka joto, yatapanda nyuzi saba tu. Ndoo ya kuoga huhitaji karibu mara tatu ya hapo! Kupasha maji, kwa hakika, si jambo dogo.

Leo jina la Joule ndilo kipimo cha nishati. Uniti moja ya umeme ni jouli milioni 3.6. Kilo ya mkaa mkavu ina kama jouli milioni 30, yaani uniti nane hivi. Kilo ya gesi ina milioni 46, karibu uniti 13.

Hata hivyo, jiko la kawaida la bati hupeleka kwenye sufuria kama sehemu moja kati ya tano; la umeme, kama saba kati ya kumi. Kwa hiyo kilo ya mkaa hupika sawa na uniti mbili na nusu hivi za kununua.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, ila mwenye kipato kidogo hahami kwa kuhimizwa. Huhama akiona hesabu, na sado haina hesabu: hupima ujazo, vumbi na maji vikiwemo.

Basi, msikilizaji, peleka sado yako kwenye mizani. Pata bei ya kilo, kisha ilinganishe na bei ya uniti mbili na nusu. Jibu utakalopata ni lako, si la muuzaji.