Jina la Ruete: Asili na Nasaba ya Ukoo wa Kijerumani Ulioanzia Pwani ya Afrika Mashariki

Katika daftari la ubatizo la usharika wowote wa Kilutheri nchini Tanzania, jina la mtoto huandikwa pamoja na jina la baba yake, na mara nyingi la babu yake. Wamisionari wa Kijerumani walikuja na desturi nyingine. Kwao kila nyumba ilikuwa na jina moja la ukoo lisilobadilika, lililorithiwa kutoka kwa baba, na mke alilichukua siku ya ndoa. Majina hayo yalikuwa na maana zilizoeleweka: Müller ni msagaji wa nafaka, Schmidt ni mhunzi, na mengine yalitaja kijiji alikotoka mhenga au jina lake la ubatizo.

Kusini mwa nchi, kuanzia Mikindani hadi ng'ambo ya mto Ruvuma, watu walihesabu nasaba kwa njia tofauti. Wamakua huita ukoo wao nihimo, na mtoto huupata kwa mama yake. Wamakonde na Wayao nao kwa jadi hufuata upande wa mama. Hivyo, Mjerumani na Mmakua walipoketi pamoja kuulizana ukoo, kila mmoja alitaja nusu ya wazazi ambayo mwenzake aliiacha. Ipo familia moja ambayo historia yake huonyesha waziwazi gharama ya kuiacha nusu hiyo. Jina lake ni Ruete.

Salme binti Said

Tarehe 30 Agosti 1844, katika jumba la Mtoni kisiwani Unguja, alizaliwa binti aliyepewa jina la Salme. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan wa ukoo wa Al Busaid wa Oman, aliyekuwa mtawala wa Maskati na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi kutoka milima ya Kaukazi, aliyetekwa akiwa mtoto mdogo. Jina la binti lilitamkwa Salme binti Said. Jina la Jilfidan halikuwa na nafasi ndani yake.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Wakati huo biashara ya Wajerumani Unguja ilikuwa imeshamiri, na mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitiliana mkataba wa biashara na Zanzibar. Miongoni mwa vijana waliokuja kufanya kazi katika maduka ya Hamburg alikuwamo Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa mwaka 1839. Nyumba yake ilikuwa jirani na ya Salme katika Mji Mkongwe. Wakapendana, na Salme akapata mimba.

Mwezi Agosti 1866 Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akapelekwa Aden. Mwaka huohuo, mwezi Machi, David Livingstone alikuwa ameshuka katika ghuba ya Mikindani kuanza safari yake ya mwisho ya kuelekea Ruvuma na bara. Tarehe 30 Mei 1867, huko Aden, Salme alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa. Kwa siku moja, Salme binti Said akawa Emily Ruete: jina la kwanza kwa ubatizo, jina la pili kwa ndoa, na baba yake akatoweka katika maandishi kama mama yake alivyokuwa ametoweka zamani.

Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Mjini Hamburg walizaliwa watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Mwezi Agosti 1870 baba yao aligongwa na tramu akafariki. Mjane wa miaka 25, mgeni katika nchi ya baridi, aliachwa na watoto watatu na jina la Kijerumani.

Jina linapotumiwa na dola

Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani Barghash, ndugu yake Emily kwa baba, ili kumlazimisha akubali himaya ya Ujerumani bara. Emily aliletwa katika msafara huo pamoja na watoto wake. Kwa kuwa alikuwa raia wa Kijerumani kwa jina la mumewe, dai lake la urithi liliweza kufanywa dai la dola. Barghash alikubali masharti ya Wajerumani kuhusu bara. Hakukubali kumpokea dada yake. Dai lilipokwisha kazi yake, Emily alirudi Ulaya bila urithi aliouomba na bila kupatanishwa na ndugu zake. Alikuja tena mwaka 1888, na matokeo yakawa yaleyale.

Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani ziliamua mipaka ya pwani aliyoitawala baba yake. Sultani aliachiwa ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini, kuanzia ghuba ya Tungi, kusini mwa mlango wa Ruvuma, hadi Kipini. Mwishoni mwa mwaka huo Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka wao, na mwaka 1887 Wareno wakaitwaa Tungi. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 kwa ukanda wa pwani uliobaki upande wake. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, ng'ambo ya mlango wa mto, na mwaka 1895 boma lao lilijengwa Mikindani. Ndivyo jamaa waliozaliwa na baba mmoja walivyogawanyika: mmoja akipoteza pwani, mwingine akibeba jina la taifa lililoichukua.

Mwana aliyerudisha jina la babu

Mwaka 1906 mwana wa Emily, Rudolph, alibadili jina la ukoo. Tangu hapo aliitwa Said-Ruete, akiunganisha jina la babu yake wa Zanzibar na la baba yake wa Hamburg. Mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya maisha ya Sayyid Said. Baadaye akawa raia wa Uingereza, na alifariki Uswisi mwaka 1946.

Hapa elimu ya vinasaba inatoa somo la kushangaza. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume pekee. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, lakini huendelezwa na mabinti peke yao. Kwa hiyo Rudolph alipokea kromosomu Y ya akina Ruete, na mitokondria ya Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Sayyid Said, ambaye jina lake mjukuu alilitundika mbele ya watu, hakuwamo katika mstari wowote kati ya hiyo miwili. Alikuwamo katika vinasaba vingine vilivyochanganyika, kwa kadiri ya robo moja, sawasawa na Jilfidan. Mmakua angaliulizwa nihimo ya kijana huyo, angalijibu mara moja: ni ya Jilfidan. Mjerumani angalisema ni Ruete. Wote wawili wangalikuwa na ukweli, na hakuna ambaye angalikuwa na ukweli wote.

Pwani nzima ina ushuhuda wa aina hiyo. Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa na Songo Mnara ikiwa miongoni mwake. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Afrika hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, zaidi Uajemi, hasa kwa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Masimulizi ya kale ya Kilwa yaliwataja mababa kutoka Shirazi, na vinasaba havikuyapinga. Lakini vimewarudisha mama wa Kiafrika ambao nasaba zilizoandikwa ziliwanyamazia.

Wale waliokatiwa nasaba

Haifai kuieleza habari hii kwa huruma ya upande mmoja. Emily Ruete alitendewa isivyo haki, lakini katika kitabu chake aliutetea utumwa wa nchi yake, na aliwadharau Waafrika. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake, na mwaka 2020 uamuzi huo ukatenguliwa kwa sababu ya maneno hayo. Kwa watu wa kusini jambo hili si la mbali. Wayao, Wamakua na wengineo waliouzwa walipitishwa Mikindani, Lindi na Kilwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliokombolewa kutoka Unguja, wakashukia Lindi na kufanya makazi Masasi. Kati yao walikuwamo waliotekwa wakiwa wadogo mno kukumbuka vijiji vyao. Nasaba ya Ruete inajulikana hadi siku za kuzaliwa. Nasaba za watu hao zilikatwa, na kwa wengi wao jina la ubatizo lilikuwa mwanzo mpya wa ukoo.

Emily alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, karibu na mumewe. Pamoja naye uliwekwa mfuko mdogo wa mchanga wa ufuo wa Unguja, aliouhifadhi miaka yote ya ugeni.

Mwinjili Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana, alifuata desturi ya kuwataja mababa. Hata hivyo aliingiza majina ya Tamari, Rahabu na Ruthu, na akamtaja mke wa Uria: wanawake ambao mwandishi mwenye kutafuta sifa angaliwaruka. Usharika unaohesabu miaka 100 unayo daftari yenye mababa wengi. Kazi iliyobaki kwa wanaoishi ni kuwauliza wazee, wakiwa bado hai, majina ya mama na bibi, na kuyaandika kando ya yale yaliyokwisha kuandikwa.