Safari ya Damu Kutoka kwa Mgonjwa Hadi Maabara

Watu wengi wa Karagwe na Kyerwa hudhani kwamba kipimo cha hospitali huanza pale mtaalamu anapoinama juu ya darubini. Sivyo. Huanza pale mgonjwa anapoulizwa jina lake, na historia yatuonyesha jambo hilo wazi.

Mwishoni mwa karne ya 19 tauni iliwaua watu wa Kiziba, jirani zetu wa mashariki, nao waliiita rubwunga. Katika miaka ya 1897 na 1898 daktari Mjerumani, jina lake Zupitza, alitumwa huko akachukua sampuli. Zikapelekwa Dar es Salaam kwa Robert Koch, bingwa wa vijidudu, naye akathibitisha kwamba ndiyo tauni. Fikirini urefu wa njia ile: reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda bara ilianza kujengwa mwaka 1905 tu. Lau sampuli zile zingaliharibika njiani, elimu yote ya Koch isingalifaa kitu.

Wala hayo si mambo ya kale peke yake. Mwaka 1997 Mario Plebani na Paolo Carraro, wa hospitali ya Padova katika Italia, walitoa habari za vipimo 40,490 walivyovichunguza. Waliona makosa 189, na katika kila makosa 100, yapata 68 yalitokea kabla ya kupima kwenyewe. Walipotoa habari tena mwaka 2007, vipimo vilikuwa 51,746, na makosa 160. Twajifunza kwamba kosa lililoandikwa laweza kupunguzwa, bali lililofichwa huzaa mengine.

Mwaka 2009, mjini Kigali, ng'ambo ya Mto Kagera, Shirika la Afya Duniani na wajumbe wa serikali za Afrika walianzisha utaratibu wa kukagua maabara na kuzipa nyota, tangu moja hata tano. Wakaguzi hawatazami mashine tu. Hutazama pia jinsi sampuli zinavyopokewa na kuandikwa, na jinsi zenye kasoro zinavyokataliwa.

Januari 2025 homa ya Marburg ilipozuka Biharamulo, katika mkoa wetu, mgonjwa alithibitishwa katika maabara inayohamishika ya Kabaile, papa hapa Kagera, kisha kipimo kikahakikishwa Dar es Salaam. Njia imefupika, lakini uangalifu haukufupika.

Kwa maana damu iliyotolewa mwilini ingali na uhai. Ikikawia, chembe zake huendelea kula sukari iliyomo, na mwenye kisukari aweza kuambiwa yu mzima. Ikitikiswa kwa nguvu juu ya pikipiki katika barabara mbovu, chembe hupasuka, majibu yakapotoka. Na vijijini mwetu majina ya ubatizo ni yale yale: chupa mbili za Yohana zikibadilishana, mmoja atakunywa dawa asiyoihitaji, na mwenziwe ataikosa.

Basi, ndugu wasomaji, mwuguzi akituuliza jina mara ya pili, hatudharau; anatulinda. Tukiitwa tukatoe damu upya, tusinung'unike, maana waliotuita wameikataa sampuli mbovu badala ya kutupa majibu ya uongo. Tena tutaje majina yetu yote, pamoja na umri na kijiji. Aliye mwaminifu katika chupa ndogo ameokoa uhai wa mtu.