Uso Uliotoka Mawinguni

Wengi hudhani kwamba michezo ya televisheni juu ya nyota za mbali na nyakati zijazo ni upuzi wa kuchekesha watoto. Sisi wa mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, hatuwezi kusema hivyo, maana nchi yetu imeyaona mambo ya namna ile kwa macho.

Mwezi wa Desemba 1954, BBC ya Uingereza ilionyesha mchezo uliotokana na kitabu cha George Orwell, Nineteen Eighty-Four. Katika nchi ile ya kubuni chama ni kimoja, na kioo kilicho ukutani chawatazama watu nao wakikitazama. Mwaka 1963 wakaja Daleks, viumbe wakaao ndani ya vyuma, wamchukiao kila asiyefanana nao. Mtungaji wao, Terry Nation, aliwaza Wanazi. Mwaka 1983, huko Marekani, mchezo uitwao V ulionyesha wageni wa angani wenye nyuso nzuri na maneno ya urafiki. Kumbe chini ya ngozi ile ya bandia mlikuwa na ngozi ya mjusi. Mafundisho ni matatu: mdhalimu ataka kuwaona wote, ataka wote wafanane, tena huficha sura yake ya kweli.

Basi, tutazame kwetu. Mobutu alitwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965, na mwaka uliofuata televisheni ikaanza Kinshasa. Siku za Zaire, habari za jioni zilifunguliwa kwa picha ya mawingu, na uso wa Mobutu ukatokea katikati yake, kana kwamba washuka kutoka mbinguni. Kila raia alihesabiwa kuwa mtu wa chama, M.P.R., tangu kuzaliwa. Mwaka 1972 majina ya Kikristu yalikatazwa. Kardinali Malula alipopinga, alinyang'anywa nyumba yake, akaenda Roma. Mwaka 1974 Noeli ikafutwa katika sikukuu za Serikali, na shule za misioni zikatwaliwa, zisirudishwe mpaka mwaka 1977.

Na sura iliyofichwa? Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha hapa Lubumbashi walishambuliwa katika malazi yao. Serikali ilikiri kifo kimoja tu. Wengine walitaja wengi, na hata leo hesabu haijapatana. Uso wa mawinguni haukuwalilia.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Katika Mkutano Mkuu wa Taifa, ulioanza mwaka 1991 na kuongozwa na Askofu Mkuu Monsengwo, raia walisikia wakubwa wakiulizwa mbele ya watu wote. Mkutano ulipofungwa, Wakristu wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari 1992 kudai ufunguliwe. Askari wakawapiga risasi, wengi wakafa. Mwezi wa Aprili ukafunguliwa tena. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu alikimbia, na tarehe 7 Septemba akafa Rabat, ugenini.

Wazazi wapenzi, msiwafukuze watoto mbele ya michezo hiyo. Ketini nao, mkawaulize: Mkubwa huyu aweza kuulizwa neno? Nani hayumo katika picha? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo juu ya watu wa nyota hatasahau kuuliza juu ya watu wa hapa duniani.