Farasi wa Watt na Forester ya Bungoma: jinsi ya kusoma karatasi ya daino

Najua niliahidi kuendelea na mada ya hifadhidata, lakini itabidi isubiri kidogo. Jamaa yangu wa Bungoma alinijia na karatasi mbili na swali moja, na swali lenyewe likaninyima usingizi.

Jamaa ana Subaru Forester yenye turbo. Alipoinunua aliipeleka Nairobi ikapimwa kwenye daino, ile mashine ambayo gari hupandishwa juu ya mapipa ya chuma, likafungwa kwa mikanda, kisha dereva akakanyaga mafuta mpaka mwisho huku gari likibaki pale pale. Karatasi ya kwanza ilisema farasi 148. Baadaye fundi akambadilishia ekzosi na kuandika upya programu ya tarakilishi ya injini. Gari likapimwa tena Nairobi, lakini kwenye gereji nyingine. Karatasi ya pili: farasi 186. Nyongeza ya farasi 38! Alikuwa amelipa nusu ya gharama kwa pesa za mahindi ya shamba lake la Kitale, na nusu ilikuwa bado.

"Sasa wewe mtu wa tarakilishi, niambie," akasema. "Nimalizie kulipa, ama nimeibiwa? Maana nikipanda kwenda Kitale sihisi hao farasi thelathini na wanane."

Kumjibu ilinibidi nirudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili.

Kipimo cha nguvu za farasi hakikuzaliwa maabara, kilizaliwa sokoni. James Watt na mshirika wake Matthew Boulton walikuwa wakiuza injini za mvuke Uingereza. Mteja aliyekuwa na injini ya zamani walimtoza theluthi ya pesa alizookoa kwenye makaa. Lakini mteja aliyekuwa akitumia farasi, je? Huyo hakuwa na makaa ya kuhesabu. Hivyo katika miaka ya 1780 Watt akakadiria kazi ya farasi mmoja wa kinu: kuinua pauni 33,000 futi moja kwa dakika. Kwa vipimo vya leo ni kama wati 746. Farasi wa kawaida hawezi kudumisha kasi hiyo siku nzima, lakini hilo halikumsumbua muuzaji. Namba ilishakuwa na kazi yake.

Ikabaki shida ya kupima. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alibana mhimili wa injini kwa vipande vya mbao vilivyofungwa kwenye mkono mrefu, akaning'iniza uzito mwishoni mwa mkono huo. Ukijua uzito, urefu wa mkono na mizunguko kwa dakika, umeijua nguvu. Ile herufi b unayoiona kwenye "bhp" ni ya breki hiyo. Injini za meli zilipokuwa kubwa mno kwa mbao, William Froude akabuni mwaka 1877 breki ya maji kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Mashine hizi zilikuwa na uzuri mmoja: kitu kilichopimwa ulikiona kwa macho.

Halafu wauzaji wakarudi. Marekani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vilipima injini ikiwa uchi juu ya meza, bila ekzosi kamili wala vifaa inavyovizungusha ndani ya gari. Mwaka 1972 wakahamia hesabu ya injini iliyovaa kila kitu. Injini kubwa ya Cadillac Eldorado, lita 8.2, ikashuka kutoka farasi 365 hadi 235. Sehemu kubwa ya farasi waliopotea hawakuwahi kufika barabarani. Wajapani wao walidanganya kinyume: kuanzia 1989 hadi 2004 viwanda vyao vilikubaliana kutotangaza zaidi ya farasi 280 kwa magari ya soko la nyumbani, na baadhi ya magari yakatoka kiwandani yakiwa na zaidi ya hapo. (Kwa hiyo ukiagiza gari la mbio lililotumika Japani la miaka hiyo, hata namba ya katalogi usiiapie.) Tena farasi wa Japani ni wa kipimo cha metriki, wati 735 na ushee, mdogo kidogo kuliko wa Watt.

Tufike kwenye daino ya leo. Nyingi hazina breki ya Prony wala maji ya Froude. Zina pipa zito la chuma ambalo uzito na umbo lake vinajulikana. Magurudumu yanalizungusha, kihisi kinasoma kasi yake mara nyingi kwa sekunde, na tarakilishi inakokotoa: pipa limeongeza kasi kiasi hiki kwa muda huu, basi nguvu iliyolisukuma ni hii. Kinachopimwa hasa ni muda na mizunguko. Farasi wenyewe ni matokeo ya programu, na programu ina mipangilio. Mtu wa gereji anaweza kulainisha mchoro ili mikwaruzo isionekane. Anaweza kuongeza asilimia fulani "inayopotea kwenye gia" ili akupe nguvu ya injini badala ya nguvu ya magurudumu, na asilimia hiyo mara nyingi ni ya kukisia tu.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda. Nguvu kwa farasi ni toki kwa pauni-futi, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 5252. Kwa hiyo, kwa vipimo hivyo na mizani moja, mistari miwili ya mchoro lazima ikutane kwenye mizunguko 5252. Isipokutana hapo, kuna kitu kimechezewa au mizani si moja. Karatasi za jamaa zote mbili zilipita. Uongo, kama upo, haukuwa hapo.

Ulikuwa kwenye maandishi madogo ya pembeni. Karatasi ya kwanza: "bila marekebisho". Karatasi ya pili: "SAE, 1.24".

Hapa ndipo sisi watu wa nyanda za juu tunapaswa kuwa macho. Injini huvuta hewa, na hewa hupungua jinsi unavyopanda. Mombasa shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 101. Bungoma, kwenye mita kama 1,400, ni karibu 86. Kitale, kwenye mita kama 1,900, ni karibu 81. Probox isiyo na turbo ikitoka Bungoma kupitia Webuye, Misikhu na Kamukuywa hadi Kitale inapoteza kama asilimia sita ya nguvu zake njiani, hata kabla hujapakia gunia. Ili gari lililopimwa mlimani lilinganishwe na lililopimwa pwani, wahandisi waliweka kizidishio kinacholirudisha kila gari kwenye hewa ya kilopaskali 99 na nyuzi 25. Nairobi kizidishio hicho huwa karibu 1.24. Kitale kingekuwa karibu 1.28. Yaani zaidi ya robo ya namba iliyopimwa inaongezwa juu na tarakilishi! Kanuni ya Ulaya ya kupima injini, namba 85, inataka kizidishio kikae kati ya 0.93 na 1.07. Sisi tuko mbali sana na uwanja huo.

Na kwa turbo mambo ni mabaya zaidi. Turbo hukandamiza hewa nyembamba, na ikiwa imepangwa vizuri hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari Rally 1984, 1985 na 1986 katika miinuko yetu hii hii. Ukiipa injini ya namna hiyo asilimia 24 kana kwamba haina turbo, unaifidia hasara ambayo haikuipata yote.

Basi nikachukua kalamu. 186 gawanya kwa 1.24 ni 150. Kabla 148, baada ya 150. Jamaa akanyamaza, kisha akataja jina la fundi kwa namna ambayo siwezi kuiandika hapa.

Nikamzuia. Gereji ile huenda inawachapishia wateja wote hivyo. Tena mashine zilikuwa mbili. Pipa tofauti, kihisi tofauti, mikanda iliyokazwa tofauti. Kati ya daino moja na nyingine farasi saba ni kitu cha kawaida. Namba 148 na 150 hazikuwa zimethibitisha kwamba fundi hakufanya kitu. Zilikuwa hazijathibitisha lolote.

Nikamshauri arudi kwenye mashine ile ya pili, azimishe marekebisho, apime mara tatu na programu mpya, kisha fundi arudishe programu ya zamani na ekzosi ya zamani, na wapime mara tatu tena siku hiyo hiyo, wakiipa injini muda sawa wa kupoa. Fundi alilalamika kuhusu ekzosi, lakini alikubali. Jioni nikapata ujumbe: mpya 151, 150, 149. Zamani 142, 141, 140.

Farasi tisa. Si thelathini na wanane, lakini wapo. Walielewana bei upya, na nusu iliyobaki ikawa robo.